Injini Aliyotuletea Mdogo Wangu Masele

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, na kwa sasa naishi peke yangu kwenye chumba cha kupanga hapa Kilosa mjini. Mume ninaye, lakini yuko gerezani. Mama ninaye, lakini hataki kuniona. Mdogo wangu wa tumbo moja yupo... wapi, sijui.

Nimesita kwa muda mrefu kuandika haya. Kila nikishika kalamu najiuliza, hivi nikisema nitakuwa napunguza maumivu au nayaongeza? Leo nimeamua. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu mtakavyo.

Jina langu ni Kabula. Wazazi wangu walitoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao nikiwa bado mdogo, wakaweka boma Msowero. Baba alifariki mapema. Mama yetu, ambaye kwa Kisukuma tunamwita Mayu, alizika watoto wengine, tukabaki wawili tu, mimi na Masele. Mayu akiwa shambani, mimi ndiye niliyembeba. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumpeleka darasa la kwanza. Nawaambia haya ili mjue kwamba Masele hakuwa mtu baki kwangu. Nilimlea kama mwanangu.

Niliolewa na Faustini, mzaliwa wa Kilosa. Babu yake aliletwa zamani kufanya kazi reli, na nyumba yao ya ukoo, ambamo ndimo tulimoishi, ipo karibu na stesheni mpaka leo. Faustini alikuwa dereva kwenye kambi moja ya wageni Mikumi, akiwapeleka watu mbugani kuangalia wanyama. Mtu mpole, mtu wa kusali, hanywi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, alipenda magari kupita kiasi.

Kambi ile ilipofungwa, wafanyakazi wote waliachishwa. Nyuma ya karakana yao kulikuwa na landrova ya zamani iliyotelekezwa kwenye nyasi, injini imenoki, matairi yamelala chini, nyigu wamejenga kwenye taa. Mwenye kambi akamwambia Faustini aichukue, iwe ndiyo kiinua mgongo chake.

Mtu mwingine angekasirika. Mume wangu alirudi nyumbani anacheka. Akamwomba rafiki yake wa Kidodi, dereva wa lori la miwa, aivute kwa waya wa chuma kutoka Mikumi mpaka uani kwetu. Majirani walitoka nje kuangalia. Wengine walicheka waziwazi. Mama mmoja aliniuliza kama tunataka kufugia kuku ndani yake.

Faustini hakujali. Jioni ile alinikalisha juu ya boneti akaniambia, "Mama Neema, hii ikisimama, hatutaajiriwa tena na mtu. Nitabeba wageni, nitabeba mpunga, nitabeba harusi. Hii ni kazi yetu mpaka uzee."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Lakini Faustini alikuwa dereva, hakuwa fundi. Fundi tuliyemjua alikuwa mmoja, Masele. Alijifunza umakenika kwenye gereji za kando ya barabara pale Dumila, na watu walimsifia mikono yake. Basi mimi... mimi mwenyewe, kwa simu yangu, nilimpigia nikamwambia, "Mdogo wangu, njoo umsaidie shemeji yako."

Alikuja na begi la spana na nguo mbili. Nikamtandikia godoro sebuleni.

Ile miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri, siwezi kudanganya. Walifunga mnyororo kwenye mwarobaini wa uani wakaishusha injini. Wakaifungua kipande kwa kipande. Nyumba yangu yote iligeuka gereji. Pistoni zilikaa kwenye kabati la vyombo, zimefungwa kwa kanga yangu kuukuu ili zisiingie vumbi. Valvu zilipangwa dirishani. Nguo zetu, mito yetu, hata kichwa cha mtoto wangu wa mwisho, kila kitu kilinuka dizeli. Faustini na Masele walikaa uani mchana kutwa wakipaka, wakisugua, wakibishana. Nilikuwa nikiwaangalia kutoka jikoni najisemea moyoni, Mungu amenipa mume na amenipa ndugu, na wanapendana.

Ndipo walipogundua ule ufa.

Ulikuwa kwenye bloku, yaani lile chuma kubwa ambalo ndilo mwili wa injini. Ufa mwembamba kama unywele, umepita katikati ya silinda mbili. Masele aliusafisha kwa petroli, akautazama, akatupa kitambaa chini. "Shemeji, hii imekufa," alisema. "Haiungiki. Inatakiwa bloku nyingine."

Faustini alikaa chini pale pale kwenye udongo. Kwa siku kadhaa alikuwa akiamka, anakwenda kusimama mbele ya lile gari tupu, anarudi kulala. Chakula hataki. Wadogo zake wakaanza kumwambia auze chuma chakavu. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu hivyo.

Masele naye aliona. Asubuhi moja akaniaga, akasema anakwenda Dumila kuuliza uliza. "Dada, usihangaike. Nitampatia shemeji bloku."

Alikaa huko kiasi. Alivyorudi, hakurudi Masele niliyemjua.

Alikuja mchana wa jua kali, kwenye kirikuu cheupe, ile pikapu ndogo ya mizigo. Nyuma kulikuwa na kitu kizito kimefunikwa kwa magunia yaliyolowa maji. Aliyekuwa akiendesha hakushuka. Nilimkaribisha ndani, akakataa. Nikampelekea maji ya kunywa, akapokea glasi bila kunitazama, akayamwaga dirishani, akanirudishia glasi. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Faustini na Masele waliposhusha ule mzigo, kirikuu kiligeuza na kuondoka kabla hawajafunga mlango wake wa nyuma.

Ilikuwa bloku. Nzima, haina ufa. Sikio lake moja, pale inaposhikwa na fremu ya gari, liliwahi kuvunjika, na mtu akaliunga vizuri kwa shaba. Faustini alipapasa ile shaba inayong'aa akasema, "Aliyeunga hapa alikuwa anaipenda kazi." Akamkumbatia Masele. Machozi yalimtoka.

Masele hakumkumbatia. Mikono yake ilining'inia tu.

Tangu siku ile, mdogo wangu alibadilika. Akawa hali mezani. Simu ikiita anatoka nje, akirudi ameizima. Treni ikipiga honi anashtuka mwili mzima. Nikimuuliza ana nini, ananiambia malaria.

Siku moja Faustini alikwenda sokoni. Nilitoka na beseni la nguo, nikamkuta Masele amepiga magoti nyuma ya turubai anakwangua ubavu wa bloku kwa tupa. Alikuwa anakwangua kwa nguvu, jasho linamdondoka. Nilisogea. Pale alipokwangua chuma kilikuwa cheupe, na pembeni kulikuwa bado na tarakimu moja haijaisha.

"Masele, unafuta nini?"

Aliruka kama nimemmwagia maji ya moto. "Kutu, dada. Natoa kutu tu."

"Kutu ina namba?"

Alinitazama. Ndugu zangu, yale macho... Hayakuwa ya mtu aliyekasirika. Yalikuwa ya mtu anayeomba. Kisha akainama akaendelea kukwangua.

Jioni nilimweleza mume wangu kila kitu. Nilimwambia nilichoona na nilichosikia, nikamwambia na habari ya yule dereva aliyemwaga maji. Faustini alikuwa anafunga ringi kwenye pistoni. Alisikiliza, mikono haikusimama. Mwisho akasema, "Mama Neema, mimi nimekaa nyumbani kama mzigo. Sasa nimeona mwanga kidogo. Usinizimie. Masele ni damu yako, unamchimba ili iweje?"

"Muulize tu ameitoa wapi."

"Sitamuuliza," alisema. "Na wewe usimuulize tena."

Nikanyamaza. Ningefanya nini? Nigombane na mume wangu kwa ajili ya chuma?

Injini ilifungwa, ikarudishwa kwenye gari. Siku ya kuiwasha majirani walijaa tena uani, hata wale waliocheka. Faustini alizungusha ufunguo, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikakataa. Akajaribu tena. Ikashika. Ikanguruma mpaka mabati ya jikoni yakatetemeka. Watu walipiga makofi, watoto wangu walipanda nyuma, mama mkwe alipiga vigelegele.

Faustini akaita, "Masele, panda mbele ndugu yangu, twende mpaka darajani."

Masele alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango anafuta mikono kwa kitambaa. "Nendeni tu, shemeji."

"Panda bwana, hii kazi yako!"

"Mimi silipandi," alisema. Alisema hivyo, silipandi. Sauti ndogo, lakini niliisikia vizuri. Waliporudi kutoka darajani, begi lake halikuwepo. Nilikuwa nimeshachinja kuku wa kumshukuru. Hakuonja hata mchuzi.

Tulifanya kazi na lile gari kwa msimu mzima. Faustini alibeba mpunga, alibeba wagonjwa, alibeba wageni waliotaka kwenda milimani. Alinenepa. Akaanza tena kuimba kwaya. Mimi nilikuwa nikilitazama likiingia uani, taa zake zimewaka, nageuza uso pembeni bila sababu. Nilikuwa nikijikemea. Nikawa nasema ni wivu, nimeanza kulionea gari wivu.

Siku moja nilifuatana naye Mikumi. Kulikuwa na joto, tukasimama kando ya barabara kuu karibu na wauza chakula ili aongeze maji kwenye rejeta. Akafungua boneti. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anauza viazi na mayai ya kuchemsha alikuja na sinia lake kututembezea. Nilimsalimia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu mayai." Nikachagua.

Wakati nachagua, macho yake yaliangukia ndani ya boneti.

Alisogea. Akaliweka sinia chini, kwenye vumbi, mayai yote juu yake. Akainama akanyoosha kidole, akagusa ile shaba kwenye sikio la bloku. Chuma kilikuwa cha moto lakini hakutoa kidole haraka.

"Injini hii mmeitoa wapi?" aliuliza.

Faustini alicheka. Alikuwa anapenda kuulizwa habari za gari lake. "Shemeji yangu huyo, mama. Fundi hasa. Ndiye aliyeitafuta."

"Shemeji yako anaitwa nani?"

"Masele. Wa Dumila."

Yule mama aliinuka. Alinitazama mimi, si Faustini, kwa muda mrefu. Kisha akachukua sinia lake akaondoka. Mayai niliyochagua yalikuwa bado mkononi mwangu. Nilimwita, hakugeuka.

Njia nzima ya kurudi Kilosa nilimwambia Faustini, yule mama ameona kitu. Alinijibu kwa kupandisha sauti ya redio.

Wiki haikuisha. Polisi walikuja asubuhi, watoto wanakunywa uji kabla ya shule. Walikuwa wapole sana. Walimwomba Faustini afungue boneti. Mmoja akamulika tochi pale palipokwanguliwa, akamwita mwenzake, wakatazamana. Kisha wakamwambia mume wangu avae viatu.

Nikajua baadaye yule mama ni nani. Watu walimwita Mama Tumaini. Mume wake alikuwa na landrova kama yetu, akiikodisha pale Mikumi. Siku moja watu walimkodi awapeleke Kidodi. Hakufika, wala hakurudi. Si yeye, si gari. Mama wa watu alizunguka vituo vyote, hospitali zote. Na ile shaba... ile shaba mume wake aliiunga nyumbani kwao, yeye Mama Tumaini ndiye aliyemshikia chuma kwa koleo.

Mume wangu aliwekwa ndani kwa tuhuma za mauaji.

Sikulia. Nilipanda gari mpaka Dumila, nikazunguka gereji zote. Hakuna aliyemwona Masele. Wengine walinigeuzia mgongo mara nilipotaja jina. Nikaenda nyumbani Msowero.

Mayu alinipokea mlangoni bila kuuliza kilichonileta. Hapo nikajua Masele yupo. Nilimkuta ndani ya zizi la ndama, amekaa kwenye nyasi kavu, amekonda, ndevu zimemjaa.

Masele alinieleza yote, na alieleza kama mtu anayetapika. Aliitwa na watu aliowatengenezea magari zamani, wakampeleka porini kwenye landrova, wakamwambia aifungue vipande vipande. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na damu. Alipotaka kuondoka walimwambia asijifanye mtakatifu, mwenye gari amelala kwenye korongo nyuma ya shamba la mkonge lililoachwa, na nafasi ya mtu wa pili bado ipo. Akafungua. Walipomuuliza anataka nini kwa kazi yake, akamfikiria shemeji yake aliyekaa chini kwenye udongo.

"Nilitaka kumfurahisha, dada," alisema. "Nilisema, aliyekufa ameshakufa."

Nilimpiga kofi. Kisha nikamshika kichwa chake nikakiweka kifuani kwangu, tukalia wote. Nikamwambia, "Twende. Ukaseme hivi hivi ulivyoniambia mimi. Faustini atatoka, na wewe watakusikiliza, maana hukuua." Akakubali. Aliapa kwa jina la baba yetu kwamba asubuhi tutaondoka pamoja.

Mayu alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi anasikiliza. Alikuja akaniambia, "Kabula, mume wako ana kaka, ana dada, ana ukoo mzima wa kumtetea. Masele ana nani?" Nikamjibu, "Mayu, Faustini hana kosa." Akaitikia kwa kichwa. Akasema nimesema kweli. Akasema nipumzike, nimechoka.

Asubuhi aliniamsha kwa ugali na maziwa ya mgando. Akakaa mbele yangu akanihimiza nile. Nilimuuliza Masele yuko wapi, akasema amekwenda mtoni kuoga, hawezi kwenda mbele ya watu akiwa mchafu. Nikala. Mama yangu alinimiminia maziwa mara ya pili, akaniuliza habari za watoto, za shule, za mama mkwe. Hakuwahi kuniuliza habari nyingi hivyo. Jua lilipanda. Nikasimama nikaenda mtoni... hakukuwa na mtu. Wala alama ya mguu kwenye tope haikuwepo.

Niliporudi, Mayu alikuwa anaosha bakuli langu. Hakugeuka.

"Ameenda mbali," alisema. "Na wewe rudi kwako."

Mama yangu mzazi. Alinikalisha na chakula kama mtoto ili mwanawe apate muda wa kukimbia. Hivi nimlaumu? Na nisipomlaumu, nimlaumu nani?

Nilikwenda moja kwa moja polisi, nikawaeleza kila alichoniambia Masele. Wakaenda kwenye lile korongo nyuma ya mkonge. Walimkuta mume wa Mama Tumaini. Sitaeleza zaidi.

Kwa maelezo yangu, Faustini aliondolewa kesi ya mauaji. Tulishukuru Mungu. Lakini likabaki shitaka jingine, la kupokea mali ya wizi huku akijua. Yeye alisema hakujua chochote. Upande wake ukaniita mimi niwe shahidi wa kumtetea. Nani mwingine?

Siku moja kabla ya kwenda mahakamani, wifi yangu Anastazia, dada yake Faustini, alinishika mkono akaniambia, "Wifi, ukiulizwa kama ulimwambia habari ya zile namba, sema hukumwambia. Basi. Neno moja tu, na kaka anarudi nyumbani." Nilimwambia sawa. Ndugu zangu, kweli nilikusudia kusema hivyo.

Nilishika Biblia, nikaapa. Nilieleza vizuri, mume wangu akawa ananitazama kwa matumaini. Kisha mwendesha mashtaka akasimama, kijana mdogo tu, akaniuliza kwa upole, "Mama, ulipomwona mdogo wako anafuta namba, ulimwambia mumeo?"

Mama Tumaini alikuwa amekaa benchi la mbele. Amevaa nguo nyeusi. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile barabarani.

Nikafungua mdomo. Nililitafuta lile neno la wifi, nikalitafuta kweli... likakataa kutoka.

"Nilimwambia," nilisema.

"Naye akasemaje?"

"Akasema hatamuuliza."

Faustini aliinamisha kichwa. Wifi yangu alitoka nje, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Alifungwa. Ukoo wake ulikaa kikao bila mimi, wakaamua watoto wabaki na Anastazia na mimi niondoke kwenye nyumba ya baba yao. Sikubishana. Nilibeba nguo zangu na sufuria mbili. Neema wangu, ambaye ni msichana mkubwa sasa, alinisindikiza mpaka kona, akaniuliza, "Mama, kwani usingeweza kukaa kimya?" Nilihamishia sufuria mkono mwingine nikaendelea na njia.

Nilikwenda gerezani kumwona mume wangu. Alitoka mara moja tu. Alikaa upande wa pili, amezeeka, akanisalimia kama anavyosalimiwa mgeni, "Habari za huko?" Nikaanza kumwomba msamaha kwa yale niliyosema mahakamani. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mama Neema, kwa kusema sikulaumu. Ulisema kilichotokea," alisema. "Nakulaumu kwa kumleta."

Baada ya hapo nikienda naambiwa amekataa kutoka. Sabuni ninayompelekea inapokelewa. Mimi sipokelewi. Na landrova ipo kwenye uwanja wa polisi, imeota nyasi mpaka kwenye vioo.

Huko Msowero nimetumiwa ujumbe nisikanyage boma. Mayu amesema binti yake alikufa.

Mtu mmoja tu alikuja kuniona kwenye chumba hiki. Mama Tumaini. Alisafiri kutoka Mikumi akauliza uliza mpaka akanipata. Nilipomwona mlangoni nilidhani amekuja kunilaani. Alikaa kwenye kitanda maana kiti sina. Kisha akasema, "Mwanangu, watu wananiambia nikuchukie. Nimejaribu, nimeshindwa. Nilikuwa nalala sijui mume wangu yuko wapi. Sasa najua. Nimemzika, naenda kumpalilia." Akaniachia mayai kwenye mfuko, akaenda zake.

Ndugu wasomaji, msije mkadhani kwamba sasa nina amani. Juzi simu yangu iliita, namba ngeni. Nikapokea, kimya. Nikasema haloo, kimya. Lakini nilisikia mtu anapumua, na ule upumuaji naujua, nimeulea. Nikasema, "Masele?" Hakujibu. Nyuma yake nilisikia chuma kikigongwa, kuku wakilia, kisha sauti ya mwanamke, changamfu, ikiita, "Fundi, chai tayari!"

Simu ikakatika. Nimepiga tena na tena, haipatikani. Namba nimewapa polisi.

Basi mimi sina mengi ya kuwausia. Mtu akikuletea kitu nyumbani, awe ndugu yako, awe mwanao, uliza kimetoka wapi kikiwa bado nje. Kikishaingia ndani, kila mmoja atakuwa na sababu nzuri ya kukuzuia usiulize, na wa kwanza kukuzuia anaweza kuwa yule unayempenda kuliko wote.

Na wewe dada uliyekuwa unamwita fundi akanywe chai, sikujui jina wala mkoa. Pengine na wewe mumeo anafufua gari uani, na amechangamka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na hutaki kumharibia. Nakuelewa. Lakini nakuomba, weka kikombe chini, toka nje sasa hivi, ukamuulize huyo fundi mbele ya mumeo na mbele ya majirani. Na usikubali anyamaze.